AC ya dakti darini kwa nyumba ya Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia kenchi mpaka tone la maji

Mashine ilifungwa mwezi wa 9, ile AC inayokaa juu ya siling na kusambaza baridi vyumbani kwa mabomba makubwa ya hewa, ndo dakti zenyewe. Mwezi wa 10 ikapiga kazi, wa 11 ikapiga kazi, joto lote lile la Dodoma nyumba ya shemeji yangu pale Ilazo ilikuwa kama friji na siling kavu kabisa, fundi kashalipwa chake chote kaondoka zake. Januari mvua zimekolea, tumekaa sebuleni tunasubiri msosi, likadondoka tone moja kwenye mkono wa kochi. Tukajua bati linavuja. Baada ya wiki jipsam ikatoka duara la rangi ya chai, likawa linapanuka tu, mpaka siku hiyo saa 8 usiku kipande cha ukubwa wa sinia kikashuka chenyewe na kuamsha nyumba nzima.

Bati lilikuwa zima, yale yalikuwa maji ya AC. Kiangazi hewa ya huku ni kavu, koili (yale mabomba ya baridi ndani ya mashine) haina unyevu wa kukamua, kwa hiyo dreni, yaani njia ya kutolea maji ya AC, iliyofungwa hovyo inaweza kukaa hata miezi 3 au 4 bila mtu kujua, na muda wote huo vumbi letu linajilundika taratibu kwenye trei ya kukingia maji. Mvua zikianza vumbi linageuka tope, tope linaziba tundu, maji yanatafuta njia nyingine na njia ya karibu ni siling yako.

Nimeanza na hilo maana mtu akiwaza AC ya nyumba nzima anawaza mashine, brandi gani, BTU ngapi (kipimo cha nguvu ya kupoza), bei gani. Mashine ndo sehemu rahisi. Kazi ipo darini, yaani joto la chini ya bati, nafasi kati ya kenchi, njia ya hewa kurudi, na maji. Nitakwenda kwa mpangilio ambao mi ningeufuata kama ningeanza upya leo.

Hatua ya 1: jiulize kama unaihitaji kweli

Dodoma tupo kama mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, sio Dar. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku tunalala na mablanketi mawili. Joto linalotutesa ni kuanzia Septemba mpaka mvua zishike Desemba, na hata hapo usiku huwa panapoa kiasi. Kama shida yako ni chumba kimoja cha kulala na sebule, split 2 za ukutani zinakutosha na utalala vizuri. Feni za maji nazo, zile zinazopuliza hewa kupitia pedi iliyolowa, kwa ukame wa Septemba na Oktoba zinafanya kazi vizuri tu huku kwetu, ila mvua zikianza zinakuwa mapambo.

Dakti ina maana ukiwa na vyumba 4 kwenda juu, hutaki masanduku ukutani kila chumba, na hasa hasa kama nyumba bado ipo kwenye kenchi hujapiga siling. Siling ikishafungwa inawezekana, ila utalipa fundi wa jipsam mara mbili, hilo lijue mapema.

Hatua ya 2: panda darini mwenyewe

Panda saa 12 asubuhi, usipande saa 7 mchana, chini ya bati hapo joto linaweza kupita nyuzi 50 na sio utani, mtu anaweza kuanguka. Vaa barakoa kwa ajili ya vumbi na kinyesi cha popo. Kanyaga kenchi tu, jipsam haibebi mtu. Beba tepu, tochi, daftari.

Pima urefu wa kwenda juu kutoka siling mpaka kwenye kenchi pale katikati na pale pembeni. Mashine ya ndani ya dakti, aina nyembamba ina kama sentimita 25 kwenda juu, zile zenye nguvu zaidi 30 au zaidi kidogo, na bado unahitaji nafasi ya mtu kuinama afanye sevisi. Nyumba za paa la kawaida la mgongo huwa hakuna shida. Balaa ni hizi nyumba za paa la kuficha ambazo sasa zimejaa Dodoma nzima, bati limelala nyuma ya ukuta na darini unakuta sentimita 60 tu, pengine chini ya hapo. Huko dawa yake ni kushusha siling ya korido kwa sentimita 35 mpaka 40 na kuficha mashine nyembamba humo, dakti zinatokea korido zinaingia vyumbani kupitia juu ya milango. Mi naona hiyo ni nzuri hata kwa paa la kawaida, maana mashine inatoka kwenye tanuru.

Angalia na wapangaji wa huko juu. Panya wanatafuna dakti laini (zile za kujipinda) kama mkate, popo wanaingia kwenye kila upenyo wa fisha bodi, mbao za ukingo wa paa, nyuki ndo usiseme. Ziba kwa wavu wa chuma kabla ya kitu chochote.

Halafu uzito. Mashine ya ndani ya nyumba ya kawaida ni kilo 30 mpaka 60 kutegemea ukubwa. Kenchi zako zilipigwa kubeba bati na siling, basi. Usikubali fundi aining'inize kwenye mbao moja ya 2 kwa 4. Weka mbao za 2 kwa 6 zilizotiwa dawa zipite juu ya kenchi 3 au zaidi, karibu na ukuta unaobeba, na chini ya mashine weka raba za kuzuia mtetemo. Usiiweke juu ya kitanda cha mtu, juu ya korido ndo mahali pake.

Hatua ya 3: poza paa kabla hujanunua mashine

Hii ndo wengi wanairuka na hii ndo pesa ilipo. Unalaza bomba la hewa ya nyuzi 13 ndani ya dari lenye nyuzi 50, ni sawa na kutembeza barafu juani kwenye begi. Fanya mambo matatu. La kwanza, foili ya kuakisi joto chini ya bati, iache nafasi ya hewa ya sentimita 2 au zaidi kati yake na bati, ikigusana na bati inapoteza kazi. La pili, pamba ya kioo ya milimita 100 juu ya siling yote, isiache mapengo, ila usiifunike taa za kuchimbia siling zinazotoa joto. La tatu, matundu ya hewa pande mbili za paa, yenye wavu, upepo wa Dodoma upo wa kutosha, uache ufanye kazi.

Shemeji alifanya haya baada ya mashine kufungwa, kwa kinyumenyume, na alichogundua ni kwamba mashine yake sasa ni kubwa kuliko nyumba.

Hatua ya 4: mahesabu

Mafundi wengi huku wanatumia 600 BTU kwa kila mita ya mraba. Kama makadirio ya kwanza sio mbaya, kwa paa lililopozwa vizuri unaweza kushuka mpaka 450 hivi, na chumba chenye dirisha kubwa la magharibi unapanda. Ngoja nipige mfano.

Sebule na dining mita 5 kwa 8, ni mita 40, BTU 24,000. Masta 4 kwa 5, ni 20, BTU 12,000. Chumba cha pili 4 kwa 4, BTU 9,600. Cha tatu 3.5 kwa 3.5, kama 7,350. Jumla 52,950. Hapo fundi atakwambia, "Bosi chukua 60,000 tumalize." Usichukue. Mchana mpo sebuleni, usiku mpo vyumbani, ni lini vyote vinataka baridi kwa pamoja? Mchana unahitaji 24,000, usiku kama 29,000. Mi ningefunga mifumo miwili, ya 24,000 kwa sebule na ya 30,000 kwa vyumba, moja ikifa nyingine inabaki, na zote zinakubali umeme wa fezi moja bila kelele, wakati nyingi za 48,000 kwenda juu zinataka fezi 3. Njia ya pili ni mashine moja ya 36,000 yenye dampa za mota zinazofunga upande usiotumika, nzuri pia ila inahitaji fundi anayejua kuzipangilia, na hao ni wachache.

Mashine kubwa kupita kiasi ina ubaya wake. Inapoza haraka inazima, inawaka tena, inazima, na msimu wa mvua haipati muda wa kukausha hewa, unalala kwenye baridi yenye unyevu kama pango.

Kuna kitu kimoja cha Dodoma ambacho kitabu cha mashine hakikwambii ukurasa wa kwanza. Kwa mwinuko huu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu 12%, kwa hiyo kubeba baridi ileile feni inabidi isukume hewa nyingi zaidi. Tafuta mashine ambayo spidi na presha ya feni unaweza kuipandisha, na dakti zisibane.

Hatua ya 5: chora dakti

Chukua karatasi ya miraba, chora vyumba, mashine iwe katikati, dakti fupi na zilizonyooka. Kila BTU 12,000 zinahitaji kama mita za ujazo 680 za hewa kwa saa, na kwa mwinuko wetu ongeza kidogo. Dakti laini ya inchi 8 ikipitisha hewa kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde inabeba kama 340 kwa saa, yaani BTU 6,000 hivi. Kwa hiyo sebule yetu ya 24,000 ni mabomba 4 ya inchi 8, masta ni 2, chumba kidogo moja linaweza kutosha. Ukilazimisha kwa bomba dogo litapiga mluzi usiku kucha.

Dakti kuu mpeleke fundi bati akukunjie bati la GI, kwa sebule hiyo sentimita 30 kwa 30 inatosha, au tumia zile bodi zenye povu ambazo zinakuja na insulesheni yake. Dakti laini zitumike matawini tu, zivutwe zinyooke, zisibanwe na kenchi, zishikwe na mkanda mpana kila mita 1.2 au 1.5. Nimeona dakti laini imelala darini inapinda kama nyoka aliyeshiba, chumba cha mwisho kinapata pumzi tu.

Viungio vyote vipakwe mastiki (gundi nzito ya kuzibia) na tepu ya foili. Ile tepu ya nguo ya kijivu kwa joto la dari letu inakauka na kubanduka. Marekani, ambako mifumo hii imezoeleka, programu yao ya ENERGY STAR inasema nyumba ya kawaida inapoteza 20 mpaka 30% ya hewa kwenye matundu na viungio vibovu vya dakti, na hizo ni pesa zako zinapoza popo. Baada ya hapo vika insulesheni, milimita 50 kwa dari la huku sio anasa, mvua zikifika dakti ya bati isiyovikwa inatoa jasho.

Sasa hewa ya kurudi, hapa kaa chini unisikilize vizuri maana hapa ndo mafundi wanaharibu zaidi. Hewa unayoipuliza chumbani lazima irudi kwenye mashine. Kuna mafundi wanaacha mdomo wa kurudishia wazi hukohuko darini, kuokoa dakti moja, basi mashine inavuta vumbi, joto la nyuzi 50 na harufu ya popo na kuwaletea mezani. Kataa. Mdomo wa kurudishia uwe na dakti yake mpaka kwenye grili ya siling ya korido au sebule, grili yenye filta inayofunguka kwa bawaba, kwa 24,000 isipungue sentimita 40 kwa 60, ikiwa 60 kwa 60 ndo raha. Isiwe karibu na jiko wala choo. Na vyumba vya kulala vikifungwa milango hewa irudi vipi? Acha upenyo wa sentimita 2 chini ya mlango, na weka grili juu ya mlango. Bila hivyo chumba kinajaa hewa, mlango unajipiga wenyewe, na baridi haiingii.

Hatua ya 6: maji

Trei ya mashine inatoa maji kwenye bomba la PVC, usishuke chini ya inchi 3/4, na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita au zaidi, njia nzima, bila tumbo katikati. Bomba livikwe nalo. Kama tundu la dreni lipo upande ambao feni inavuta, weka kona ya U yenye maji, bila hiyo upepo unayazuia maji yasitoke. Mwisho wa bomba usiuingize kwenye shimo la choo, harufu itapanda, peleka nje kwenye mti, tena kama una mpapai umepata bahati.

Chini ya mashine nzima weka trei ya pili ya bati yenye bomba lake tofauti, na bomba hilo litokee mahali pa macho, juu ya dirisha la jiko kwa mfano. Likidondosha, unajua dreni ya kwanza imeziba. Ongeza na swichi ya boya, maji yakipanda mashine inazima yenyewe. Ni kitu kidogo sana, na shemeji angekuwa nacho siling yake ingekuwa hai.

Hatua ya 7: umeme

Laini ya peke yake kutoka DB (boksi la breka), usichangie na soketi. Kwa inveta (AC inayopunguza nguvu yenyewe ikishapoza) ya 24,000 mara nyingi ni waya wa milimita 4 za mraba na breka ya ampia 20 au 25, kwa 30,000 panda 6, ila neno la mwisho ni kibandiko cha mashine na urefu wa waya. Eathi iwe ya kweli, ipimwe. Swichi ya kukatia umeme iwe nje karibu na kompresa. Weka na kinga ya volteji inayochelewesha kuwasha kwa dakika 3 mpaka 5, umeme ukikatika na kurudi kwa kurukaruka ndo kompresa zinakufa. Kazi hii afanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Bili nayo. 24,000 ya inveta ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula kama kilowati 2.3, ila ikishapoza inapungua. Chukua masaa 8 kwa wastani wa 60%, ni yuniti 11, na kwa Tsh 356 hivi kwa yuniti ni karibu Tsh 3,900 kwa siku. Zidisha mwenyewe kwa mwezi uone kama LUKU mtaelewana.

Hatua ya 8: kompresa ya nje

Usiiweke ukuta wa magharibi, jua la saa 9 linaimaliza. Mashariki ni pazuri. Inyanyue juu ya zege sentimita 15, nyuma iache sentimita 30, mbele mita 1 au zaidi. Kizimba cha nondo kwa ajili ya wezi wa kopa sawa, ila kiwe na nafasi, usiifungie kama kuku.

Hatua ya 9: fundi na malipo

Tafuta aliyesomea friji na viyoyozi, VETA wanafundisha fani hii. Muulize maswali mawili kabla ya bei. Unapima uvujaji wa mabomba ya gesi kwa kutumia nini? Jibu ni naitrojeni. Akisema oksijeni, mshukuru kwa muda wake na mfungulie geti, oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, watu wanakufa. Swali la pili, hewa iliyobaki kwenye mabomba unaitoaje? Jibu ni pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa yote, na geji, ishuke chini ya maikroni 500, kipimo cha presha iliyobaki ndani. Akisema anapuliza gesi kidogo tu itoke nje, huyo ndo anaua mashine za watu baada ya mwaka.

Kama mashine ni ya R32, na nyingi mpya ndo hizo, gesi yake inashika moto kiasi, kwa hiyo moto wa kuchomea usiwake kabla mabomba hayajasafishwa kwa naitrojeni.

Malipo gawa. Vifaa, halafu dakti zikikamilika kabla siling haijafungwa (piga picha kila kona, zitakusaidia miaka 5 ijayo), halafu siku ya kuwasha. Bakisha kiasi mpaka Februari. Fundi atanuna, mwambie kabisa sababu ni mvua, mwandikishiane.

Hatua ya 10: siku ya kujaribu

Presha ya naitrojeni ikae masaa 24, na usome geji saa ileile, mfano saa 1 asubuhi kwa saa 1 asubuhi, maana mchana joto la dari linaipandisha na unaweza kudanganyika. Mashine ikiwashwa subiri dakika 20, weka kipimajoto kwenye mdomo wa kutolea na kwenye grili ya kurudishia, tofauti ya nyuzi 8 mpaka 12 ni njema. Zunguka na karatasi ya choo, kila mdomo uipeperushe karibu sawa. Funga milango ya vyumba, rudia.

Mwisho mwambie fundi apande na ndoo ya lita 10, aimimine yote taratibu kwenye trei mbele yako, mwanao akiwa nje kwenye mpapai anahesabu dakika mpaka maji yatoke. Filta osha kila baada ya wiki 2 kipindi cha vumbi. Na ile ndoo, kila Novemba kabla mvua ya kwanza haijanyesha, inapanda tena darini.